Mazoezi Makali Yako Kwenye Mashindano ya Siku Kadhaa

Waendesha baiskeli wengi ninaowajua hapa Kampala wana ugonjwa mmoja: kila Jumapili barabara ya Masaka, mwendo uleule, kisha chai na picha. Mwendo huo ni mkali mno kwa kupumzisha mwili, na mpole mno kwa kuujenga. Mwambie mtu ajikamue peke yake dakika nne, mara tano. Ikifika ya tatu, simu yake italia.

Anayetaka kasi namshauri ajiandikishe mashindano ya siku tatu au nne, na ayahesabu kuwa mazoezi. Sisemi Tour du Rwanda, ingawa iko hapo tu ukivuka mpaka wa Katuna. Ile ina wenyewe. Hata mbio ndogo zinatosha, maana mwendo haupangi wewe. Kundi likichomoka mlimani, unafuata au unaachwa. Gurudumu la aliye mbele yako likikuponyoka hatua mbili tu, upepo wote ni wako. Hakuna filimbi ya kocha inayokukamua hivyo.

Ila faida hasa ni mrundikano wa uchovu, siku juu ya siku. Siku ya pili unaanza misuli haijajaa wanga, kwa kuwa kuujaza huchukua siku nzima, wakati mwingine zaidi. Siku ya tatu kuna kioja: miguu inawaka moto, lakini mapigo ya moyo yamegoma kupanda. Wengine hushangilia wakidhani wameiva ghafla. Wapi! Huo ni uchovu.

Basi jioni kula ni kazi. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 560 hadi 700 za wanga kwa siku, na matoke matupu hayakufikishi huko, ni maji mengi. Ongeza posho (ugali), wali, na soda bila aibu.

Wakimbiaji wasiige hivi hivi. Kukimbia kunaponda misuli kuliko baiskeli, hasa kwenye miteremko ya Kapchorwa. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alichukua medali ya fedha ya mita 10,000 tarehe 30 Julai, akarudi uwanjani kwa mchujo wa mita 5,000 tarehe 3 Agosti, dhahabu akaibeba tarehe 6. Hata yeye alikuwa na siku za kupumua katikati.

Mashindano yakiisha, wiki nzima endesha polepole, na mbio unazozilenga ziwe wiki tatu mbele. Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mtu anamaliza hatua ya mwisho Jumapili, Jumanne kocha ameshampangia vilima. Kocha wa namna hiyo usimpokelee simu.