Mkono Ulioinuliwa Novemba

Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde maji ni mali. Nyumba ya bati ina kisima chake cha kukinga mvua, kina mfuniko na kufuli, na kiangazi kikikaza mwenye ufunguo ndiye tajiri. Sasa wape watu wa huku dini kama yetu ya Kibaptisti, inayotaka mwili mzima uzame kwenye ubatizo.

Oktoba iliyopita tulikuwa na watu 7 wa kubatizwa. Mto Ruvuma tunauona. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, bonde lote liko chini ya miguu yako na Msumbiji ng'ambo. Lakini kuuona si kuufikia, na ukiufikia kuna mamba. Basi mchungaji akachimba shimo nyuma ya kanisa, yeye na vijana wawili, wakalitandika turubai la kuanikia korosho. Maji yalitoka nyumba 11, ndoo tatu hapa, sita pale, nami nikayaandika kwenye daftari kama ninavyoandika sadaka. Jumla ndoo 62. Aliyetoa nyingi kuliko wote, ndoo 9, ni mzee jirani, Mwislamu, mjomba wa mmoja wa waliobatizwa. Alizileta mwenyewe kwa baiskeli, akasema, "Mpwa wangu asije akatoka nusu mkavu." Hakuna tone lililomwagwa. Jioni ileile fundi aliyachota akaenda kukandia udongo wa matofali.

(Kuna kijana alipendekeza tumwagie tu kichwani, tuokoe maji. Wazee walimkemea, ila kwa haki yake niseme kwamba John Smyth, tunayemhesabu mwanzilishi wetu, alipojibatiza kule Amsterdam mwaka 1609 alijimwagia. Kuzamisha kulikuja miaka kama 30 baadaye. Amsterdam, mji wa mifereji!)

Nimeanza na shimo hilo kwa sababu nimechoka kuulizwa mchungaji anafanya nini Jumatatu hadi Jumamosi. Anachimba. Anakaa na wagonjwa. Anapatanisha ndugu waliogombea mikorosho ya marehemu. Msiba ukitokea kwa Waislamu, na huku kila ukoo una pande zote mbili, anakwenda mapema, anaketi mkekani nyuma ya shehe, hasemi neno mpaka maziko yaishe.

Sasa hoja yangu. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakajenga Ndanda 1906. Sisi Wabaptisti ni wa juzi, wamisionari wetu waliingia Tanganyika 1956. Padri wa majirani zetu huletwa na askofu wake, akihamishwa analetwa mwingine. Sisi hatuna askofu. Mchungaji wetu huitwa mara mbili. Mungu humwita, halafu waumini tunakaa kwenye mabenchi, tunamsikiliza akihubiri, tunamhoji yeye na mkewe, kisha tunainua mikono. Wengi huuona wito wa kwanza ndio mzito. Mimi ni mtunza hazina mwaka wa sita, na ninaouogopa ni huo wa pili, maana Mwenye ule wa kwanza hajawahi kuchelewa kulipa.

Mchungaji wa sasa tulimpigia kura Novemba. Mwenye kujua msimu wa korosho ameshaelewa. Minada ilikuwa imeanza, hela za mauzo zimeingia benki, kijijini kila mtu ana simu mpya au bati jipya. Nilisoma pendekezo la posho, shilingi 150,000 kwa mwezi pamoja na nyumba. Mikono yote ikaenda juu, wengine waliinua yote miwili.

Machi, sadaka ya mwezi mzima ilikuwa shilingi 41,300, mayai 9 na muhogo usiojaza kapu. Sikuwalaumu waumini. Machi ndio mwezi wa watu kuuza korosho ambazo hazijachanua bado, kwa kangomba, yaani kwa walanguzi na kwa bei ya kutupa, ili mtoto ale. Na kuna misimu ambayo hata Novemba haisaidii. Ule wa 2018, bei ilipotangazwa 3,300 kwa kilo, wengi wetu tulingoja hela hadi mwaka mwingine. Kilichonikera ni maneno. Nilipopeleka taarifa kwenye kikao, shemasi mmoja alisema, "Si ana wito? Mtu wa wito hahesabu."

Sentensi hiyo naijua. Tuliisema kwa aliyemtangulia pia. Yule aliondoka Aprili, alfajiri, kwa pikipiki ya kukodi, mkewe amempakata mtoto, na nyuma yake akaacha deni la unga dukani. Tukasema hakuwa na wito. Deni alilifuta mwenye duka, ambaye hajawahi kuingia kanisani kwetu hata siku ya harusi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa sanduku la sadaka na sikwenda kumuuliza anadaiwa kiasi gani.

Huyu wa sasa hakungoja Aprili yake. Alikodi mikorosho 40 kwa mjane mmoja, na mwezi wa sita akaonekana na bomba mgongoni, anapuliza salfa. Manung'uniko yakaanza. Mzee mmoja alisimama kikaoni akasema Baba Mchungaji ananuka salfa madhabahuni. Mwingine akauliza hotuba ataandaa saa ngapi. Nikawakumbusha Paulo alishona mahema. Nikawaambia na habari za William Carey, Mbaptisti aliyekwenda India mwaka 1793. Kabla ya hapo alikuwa mchungaji wa kijiji Uingereza, na kanisa lake halikuweza kumlisha, akawa anashona viatu na kufundisha watoto. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na hapo nikagundua kosa langu. Walisikia kwamba akilima, sisi tumesamehewa.

Halafu ikaja ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo kama si kuumiza ingechekesha. Mikorosho 40 inaangusha mabibo mengi, na kila aliye na mtungi anajua mabibo ni uraka, pombe yetu ya kienyeji. Kina mama wakaja kuomba kuokota, kama wanavyookota kwa kila mtu. Akiwaruhusu, pombe ya kijiji inatoka shambani kwa mchungaji. Akiwanyima, ni mchoyo, na ada ya watoto wa watu iko kwenye mtungi huo. Kikao kilichukua saa mbili. Watu ambao hawakuwa na dakika tano za kujadili unga wake walikuwa na saa mbili za mabibo yake! Aliyemaliza ni Mama Mchungaji, ambaye kwa kawaida hatumpi nafasi ya kusema ingawa naye tulimhoji siku ile ya kura, na posho yake ni sifuri. Alisema mabibo wamekwisha kuwapa mbuzi wa jirani, tena tangu Jumatatu, akaomba tumruhusu akapike.

Ninachopendekeza ni hiki. Korosho zikipimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika tunakatwa makato ya kila namna na tumezoea. Kila nyumba itenge kilo 10 za mchungaji kabla haijaona hela, mauzo yake yagawanywe kwa 12, nami nimpe kila tarehe moja, Januari sawa na Novemba. Mikorosho aendelee nayo akitaka, mtu hakatazwi kulima. Ila alime kwa kupenda.

Shemasi ameshauri hoja hii ningoje niilete Novemba, watu wakiwa na moyo mkunjufu. Nimekataa. Nimeiandikisha Jumapili ya kwanza ya Machi, tuinue mikono tukiwa na njaa.