Kochi la Ukweni

Siku nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza, Yorkshire huko Uingereza, mchumba wangu alinionya mambo mawili: nisimalize biskuti, na nisikalie kochi la marehemu babu. Hilo la pili alilisema garini, mimi nikiwa nakoroma.

Lenyewe lilikuwa pembeni ya moto: la mtu mmoja, mgongo mrefu, masikio mawili ya kukinga upepo, maana nyumba zao za zamani baridi hupenya hata palipozibwa. Kichwani limewekwa kitambaa cha kufuma, sawasawa na vile vya mama yangu Tanga. Vyao vilianza kwa ajili ya mabwana waliokuwa wakijipaka mafuta nywele. Vya mama ni vya kutazamwa tu, ukiviegemea utajua. Nilipokiona nikajihisi nimefika nyumbani. Nikajitupa, kilo 95.

Nikasikia prrrr, kama kanga inachanika. Kumbe ni ile mikanda ya juti inayoshikilia springi kwa chini. Springi moja ikafyatuka, na iliponigusa sitapataja, wazazi wa watu walikuwepo. Makalio yakatua sakafuni, magoti yakaja kidevuni, masikio ya kochi yakanibana mabega. Sikuwa juu ya kochi tena, nilikuwa ndani yake. Singa za farasi, ndizo walizojazia kabla ya sponji, zikamwagika kwenye zulia, na mbwa wao akazinusa kwa heshima kama amepewa taarifa ya msiba.

Mama mkwe akanitazama kwa upole. "Sukari ngapi?"

Chai nikaletewa humohumo shimoni. Nikanywa, ningefanyaje?

Kunitoa ilikuwa kazi ya watu wawili, mchumba mkono huu, baba yake ule. Nilipochomoka, kochi nalo likatapika: penseli, miwani isiyo na mguu mmoja, karata, na shilingi ya mwaka 1956.

Baba mkwe akaipangusa kwa kidole. "Hizi tuliziacha mwaka 1971."

"Sisi tunazitumia mpaka leo," nikadakia. Kiherehere changu!

Jumatatu fundi makochi akaja, akalipindua, akaguna, akataja pauni 400. Baba mkwe hakusema neno. Akanifuata jikoni, akanikamatisha ile shilingi.

"Basi anza na hii."