Anatakiwa mwalimu mzawa

Huu ni mwaka wangu wa pili nafundisha Kiingereza Cádiz, mji wa kusini mwa Hispania ulioingia baharini kiasi kwamba ukitembea robo saa upande wowote unakutana na maji. Mtu aliyekulia Tanga hapotei pale. Wana upepo wa levante kama sisi tunavyo kaskazi na kusi, na ukivuma kila mtu anausema.

Kinachoniumiza ni neno moja kwenye matangazo ya kazi: nativo. Mzawa. Yaani akademia, zile shule za jioni za lugha, zinataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni. Nilifika na viza ya mwanafunzi, inayoruhusu kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Akademia ya kwanza walizisoma karatasi zangu vizuri, shahada ya ualimu na miaka mitano ya kufundisha, kisha mama aliyenipokea akauliza, "Nyumbani kwenu mnaongea lugha gani?" Nikamwambia Kiswahili. Yakaishia hapo. Nafasi alipewa kijana ambaye hajawahi kushika chaki.

Mimi naamini kwa dhati kwamba mtoto wa Cádiz anamhitaji mwalimu aliyejifunza Kiingereza kwa jasho, na Mswahili anamfaa kuliko wengi. Mtoto yule akitaja umri wake kwa Kiingereza, atasema anayo miaka kumi, kwa sababu kwao ni tengo diez años. Mzawa atamsahihisha mara ishirini bila kuelewa kosa linatoka wapi. Mimi nalijua, maana nilipita humohumo. Nina miaka kumi, nina njaa, nina kiu; wao tengo hambre, tengo sed. Kwetu na kwao njaa ni kitu ambacho mtu anacho. Tena kitenzi chao, kama chetu, kimembeba mtendaji tumboni: como, ninakula, basi. Ndiyo maana mtoto anaanza sentensi ya Kiingereza bila mtendaji na haoni kilichopungua.

Halafu kuna sauti. Vokali zao ni tano, a, e, i, o, u, zilezile zetu. Kwa hiyo "ship", meli, na "sheep", kondoo, masikioni mwao ni neno moja, kama yalivyokuwa kwangu kidato cha kwanza, tulipotoka shule ya msingi ya Kiswahili tukakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Nakumbuka siku nilipoanza kusikia tofauti. Mzawa hana siku hiyo ya kukumbuka, na mwanafunzi anayekwama anahitaji mtu mwenye kumbukumbu hiyo.

Na wanafunzi hawaji kwa starehe. Vyuo vikuu vingi vya Hispania humtaka mwanafunzi afikie kiwango cha B1, yaani cha kati kwenye vipimo vya Ulaya, cha lugha ya kigeni kabla ya kupewa shahada, kwa hiyo wazazi wanalipa mapema, na watoto wanaotoka shule saa nane mchana wanarudi darasani jioni, wengine hadi saa tatu usiku. Mtoto aliyechoka hivyo anastahili mwalimu anayejua kazi.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba watu wa Cádiz wenyewe wanalijua joto la jambo hili. Wanameza s, más o menos inakuwa ma o meno, na miaka yote wameambiwa Kihispania chao si sahihi. Wazazi walewale wananiuliza kama lafudhi yangu haitamharibu mtoto.

Nativo liondolewe kwenye matangazo. Kila anayeomba kazi apewe darasa la watoto kumi kwa dakika arobaini, mwenye akademia akae nyuma asikilize. Akademia ya pili walinipa hizo dakika. Nilianza na meli na kondoo.