Chaja ya betri ikifa kwenye kinu cha nyuklia: saa 2 au saa 72?

Watu wakiongelea betri za akiba kwenye vinu vya nyuklia swali huwa moja tu, zinakaa masaa mangapi. Ni swali la maana, ila wadhibiti na wenye vinu wamevutana miaka mingi kuhusu kitu kingine kisichosikika sana, nacho ni kuzichaji. Chaja ikiharibika kinu kipewe muda gani kabla ya kuambiwa kizimwe? Betri iliyotumika ikarudishwa kwenye chaji utajuaje kama kweli imejaa? Na gesi inayotoka wakati wa kuchaji inaenda wapi kama feni nazo hazina umeme? Mi naona hapa ndo penye hatari ambayo tunaipa muda mdogo kuliko inavyostahili.

Tuanze na mpango wenyewe. Vinu vingi vya Marekani vinatumia betri za risasi na asidi, seli 58 au 60 zimeungwa mfululizo, kila moja volti 2 hivi, ndo unapata mfumo wa volti 125. Umeme huo wa DC, yaani wa mkondo wa upande mmoja, ndo unaowasha mita za chumba cha udhibiti, unafungua valvu, unaendesha swichi kubwa na hata jenereta za dizeli za dharura zinauhitaji ili ziwake. Siku za kawaida betri haina kazi kubwa, chaja ndo inabeba mzigo wote alafu inaipa betri umeme kidogo wa kuidumisha, mafundi wanaita floti, kama volti 2.2 kwa seli. Sasa chaja ikifa, betri inaanza kuliwa sekunde hiyo hiyo, bila tsunami wala kimbunga, siku ya kazi ya kawaida kabisa.

Masharti ya zamani ya NRC, tume inayodhibiti nyuklia Marekani, yalikuwa makali: upande mmoja wa DC ukipata hitilafu una saa 2 kuurekebisha, ukishindwa kinu kiwe kimezimwa ndani ya saa 6 na kiwe kimepoa ndani ya saa 36. Wenye vinu wakaona hii inawabana bure, wakapendekeza sehemu hiyo iandikwe upya, pendekezo linajulikana kama TSTF-500. Linasema hivi: chaja ikifa, ndani ya saa 2 rudisha volti ya betri kwenye kiwango cha floti, tuseme kwa chaja ya akiba, kila baada ya saa 12 hakikisha mkondo wa floti haujazidi kiwango, kwa kawaida ampia 2, na chaja yenyewe una saa 72 kuitengeneza.

Hoja ya wenye vinu si ya pesa tu, ingawa pesa imo na hakuna haja ya kuificha, kuzima kinu ni hasara kubwa. Hoja yao ya maana ni kwamba kuzima kinu si kitendo cha bure kiusalama. Ukikizima, jenereta ya kinu chenyewe imesimama, sasa unategemea gridi ya nje kupoza joto la mabaki, yaani joto linaloendelea kutoka kwenye mafuta ya nyuklia hata baada ya kuzima, swichi kibao zinafunguliwa na kufungwa, na swichi hizo zinaendeshwa na DC ile ile ambayo umesema hauiamini. Yaani unaulazimisha mfumo ulio mgonjwa ufanye kazi kubwa ndani ya masaa machache kwa sababu ni mgonjwa. Mi hii hoja naikubali, na nadhani watu wanaodhani sheria kali zaidi ndo usalama zaidi waitafakari kwa utulivu.

Lakini wadhibiti nao wana hofu yenye msingi, tena ya kifundi kabisa. Betri ikishatumika saa mbili ukairudisha kwenye chaji, volti inapanda haraka mpaka kiwango cha floti na ukiangalia geji ukutani utasema kila kitu kiko sawa, kumbe ndani bado haijajaa, inaweza kuchukua saa 12 au hata 24 kurudi ilivyokuwa. Umeme ukikatika katikati ya hapo, ile betri iliyopigiwa hesabu ya saa 4 haina saa 4, na aliyeko chumba cha udhibiti anapanga mambo yake kwa hesabu ambayo haipo tena.

Njia ya zamani ya kuhakikisha ilikuwa haidromita. Fundi anaingia chumba cha betri na miwani na glavu, anaingiza mrija kwenye seli, anavuta maji ya asidi, anasoma uzito wake ukilinganisha na maji, inatakiwa iwe karibu na 1.215, anaandika, anaenda seli inayofuata. Shida ni kwamba wakati wa kuchaji asidi nzito inayozaliwa inazama chini ya seli, juu panabaki maji mepesi, kwa hiyo fundi anavuta ya juu na kusoma kwamba betri iko chini wakati kwa kweli imeshapata chaji, na inaweza kuchukua siku nyingi mpaka ichanganyike vizuri. Mkondo wa floti unaeleza vizuri zaidi, betri ikiwa na njaa inavuta ampia nyingi, ikishiba mkondo unashuka mpaka chini kabisa na kutulia. Maabara ya Brookhaven iliwafanyia NRC majaribio hayo na matokeo yalionyesha njia hiyo inafaa. Kwa hiyo hapa wenye vinu wameshinda kwa haki, sharti moja tu, ampia 2 ni kidogo sana kwenye waya unaoweza kupitisha mamia ya ampia, mita ya kupima mkondo mkubwa haiwezi kusoma hiyo kwa uhakika, inabidi kiwepo kifaa chake maalum na kikaguliwe mara kwa mara. Bila hicho hizo saa 72 zimesimama hewani.

Alafu kuna suala la chaja yenyewe kuleta balaa. Forsmark 1, Sweden, tarehe 25 Julai 2006, hitilafu kwenye kituo cha swichi cha volti 400,000 ikaleta mruko wa volti, ukapita kwenye rektifaya zinazochaji betri (zinageuza AC kuwa DC) ukaingia upande wa DC, inveta (zinazogeuza DC kurudi AC) zikajizima kabla rektifaya hazijajizima, kwa sababu viwango vya ulinzi havikupangwa kwa kufuatana. Mifumo miwili kati ya minne ya umeme wa akiba ikaondoka, dizeli mbili kati ya nne hazikuunganika, na ilichukua dakika kama 22 mpaka mafundi wakaziunganisha kwa mkono. Betri zilikuwa nzima kabisa! Tukio likapewa daraja la 2 kwenye INES, kipimo cha kimataifa cha uzito wa matukio ya nyuklia. Kwa hiyo mtu akikuambia ukaguzi wa chaja ni makaratasi tu, muonyeshe hilo.

Sasa gesi, na hapa mi siko upande wa wenye vinu. Betri ya risasi ikikaribia kujaa inaanza kutoa haidrojeni, ambayo hewani inaweza kuwaka ikifika asilimia 4, ndo maana viwango vya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, vinataka isizidi 2. Wenye vinu wanasema kiasi ni kidogo, na siku ya kawaida wako sahihi. Seli moja iliyojaa inatoa kama lita 0.45 kwa saa kwa kila ampia, seli 60 kwa ampia 1 ni lita 27 hivi, chumba cha mita za ujazo 200 kisicho na hewa inayotembea kitachukua siku 6 hivi kufika asilimia 2. Lakini chukua chaja iliyoharibika inasukuma ampia 50 kwenye betri iliyokwisha jaa, hesabu ile ile inakupa saa 3.

Na baada ya ajali ya Fukushima, Japani, hili limekuwa kubwa zaidi. Kinu namba 3 pale betri zake ziliokoka mafuriko, wafanyakazi wakapunguza mzigo, wakazivuta mbali kupita saa 8 zilizopangwa, ila hapakuwa na umeme wa kulisha chaja, zikaisha, usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 2011 valvu za kushusha presha zikagoma, na asubuhi watu wakawa wanang'oa betri kwenye magari na kuziunga kumi kumi kupata volti 120. Ndo maana mwaka 2012 NRC ikaamuru vinu viwe na vifaa vya kuhamishika, jenereta ndogo unaileta, unaiunga kwenye chaja, betri zinarudi. Mpango mzuri na naupongeza. Ila angalia mazingira: betri imeisha kabisa, inapigwa chaji nzito, feni za jengo hazina umeme, watu wamechoka. Jibu la wenye vinu ni kwamba mwanzoni umeme mwingi unaenda kujaza na gesi ni kidogo, kweli, na kwamba watafungua milango na kuleta feni za kubeba. Mlango wa chumba cha betri ni sehemu ya kinga ya moto na ulinzi, kuufungua nako kuna masharti yake, na feni ya kubeba inahitaji nafasi kwenye jenereta hiyo hiyo.

Kuna wanaosema vinu vipya vitamaliza mjadala, miundo mipya ya Marekani kama AP1000 ina betri za saa 72, na NuScale ilikubaliwa na NRC kwamba usalama wake hautegemei betri za daraja la juu la usalama. Sawa, ila vinu vinavyozalisha umeme leo vingi ni vya zamani na leseni zao zinaongezwa.

Kwa hiyo saa 72 nazikubali pale penye kipimo cha floti kinachoaminika na chaja ya akiba iliyojaribiwa kwa mzigo kamili. Kwenye kuchaji wakati wa giza mdhibiti asikubali hesabu za karatasi peke yake, atake zoezi linaloanza feni za jengo zikiwa zimezimwa, jenereta inaletwa, feni ya kubeba inawashwa kwanza, chaja baadae, na mtu anasimama na kipima haidrojeni mpaka mkondo ushuke.