“A NGO” tena?

Inaniudhi sana kuona tangazo la kazi la Kiingereza, limeshapita mikononi mwa wakubwa kibao, bado limeandikwa “a NGO” na “a MBA”. Jamani, katika kuchagua “a” au “an” linatumika sikio, si jicho! N hutamkwa “en”, M hutamkwa “em”. Sauti ya kwanza ni irabu, kwa hiyo ni “an NGO”, “an MBA”. U nayo huanza na sauti ya “yu”, basi ni “a UN report”. NATO husomwa kama neno zima, ndiyo maana inabaki “a NATO”.

Kinachoniuma zaidi ni darasani. Mtoto ameandika “an SMS”, yuko sahihi kabisa, mwalimu anamkata alama eti S si irabu! Asome basi hiyo sentensi kwa sauti kabla ya kushika kalamu nyekundu.