Eti unachomeka tu

Siku hizi ukiwa bado una tyubu za choki, zile taa ndefu za zamani, nyumbani kwako basi hata wageni hawakuheshimu. Mtu hajakaa sawa kwenye kochi macho keshayapeleka darini, "khee, nyie bado mnatumia hizi?", na kahawa yangu anainywa palepale chini ya taa hiyohiyo anayoisimanga.

Mie tyubu zangu sina ugomvi nazo jamani. Zinachelewa kuwaka, sawa, unabonyeza swichi unakwenda zako jikoni unakunywa maji unarudi bado inapepesa tu inajishauri, na choki, lile dude la chuma ndani ya bati linaloiwashia, inavuma usiku kucha, lakini mtu unazoea, mke wangu analala chini ya hiyo choki usingizi mzito kabisa, mie nikikoroma kidogo ndo napigwa kisugudi.

Sasa tangu tumeanza kununua umeme wa Tukuza, ule unaolipia kwanza ndo utumie, kila mtu ndani ya nyumba yangu kawa mhasibu. Mama watoto anajua yuniti zilizobaki kwenye mita kuliko anavyojua umri wangu. Siku moja nawakuta yeye na binti yetu wa fomu tuu wameinamia daftari la fizikia, nikafurahi, nkasema mashaallah mtoto anasomeshwa, kumbe nahukumiwa mie. Tyubu ya futi nne inakula wati 36, choki nayo inakula zake kama 9 hivi bila ya kutoa mwanga hata wa kutilia uzi kwenye sindano, jumla 45. Tyubu mpya ya LED ya urefu huohuo wati 18. Tofauti 27, zidisha taa nne, zidisha masaa matano kwa usiku, nusu yuniti na kidogo kwa siku, yuniti 16 kwa mwezi zinapotea. "Unaona baba?" Naona mwanangu. Nikauliza, na friza je, nalo linakula ngapi? Kimya. Friza ni la biashara ya barafu za ubuyu ya mama yao, hilo halihesabiwi, lile linakunywa umeme kwa baraka. Taa ndo zangu, maana mie ndo mkubwa wa nyumba.

Basi nikenda sokoni Darajani. Kijana wa dukani kanichomekea tyubu moja pale juu ya kaunta, ikawaka paa, haijapepesa hata mara moja, kweli inapendeza, sikatai. "Ami, hii unachomeka tu." Nikamwambia mwanangu, mie kwangu kuna choki na stata, kile kikopo kinachoishtua tyubu iwake, choki inatolewa au haitolewi? "Haitolewi ami." Haitolewi kabisa? "Yaani ukitaka kuitoa unaitoa. Lakini haitolewi." Stata je? "Stata ndo unaitoa, halafu unaitia." Nikalipa. Kuna watu ukizidi kuwauliza ndo unazidi kupotea.

Nyumba yangu ipo Fuoni na kabla ya kufika mlangoni kuna baraza, na mtu huwezi kupita barazani na kitu kirefu bila ya kutoa maelezo. Ukibeba kitanda utaulizwa nani anaoa. Nimebeba tyubu nne kwapani, nimetoa salamu haraka nikijidai nna haraka, wapi bwana, "yakhe, hebu njoo, LED hizo?" Zikashushwa, maboksi yakafunguliwa, zikapitishwa mkono kwa mkono. Ndo tukagundua kumbe mbili zimekuja na kikopo kidogo cheupe kwenye mfuko wa nailoni, sura yake stata mtupu, na mbili hazina kitu. Maboksi sawa, urefu sawa, unene sawa, bei sawa. Karatasi ina Kichina na mchoro wa nyaya mdogo hata miwani yangu ikasalimu amri.

Hapo sasa. Dobi akasema toa choki, toa stata, funga nyaya moja kwa moja, yeye dukani kwake kafanya hivo. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akasema thubutu, choki ndo inayoilinda taa, ukiitoa umeua, kwenye meli walikuwa hawatoi. Dobi akamuuliza kwani kwa ami hapa ni meli? Wakagombana wale, kweli kweli, mpaka muuza kahawa akasogeza birika lake. Mzee mmoja akataka kusuluhisha lakini yeye kila kitu lazima akianze mwanzo, kaanzia 1883 Sayyid Barghash anajenga Beit al Ajaib, kapita kwenye taa za umeme na lifti yake, kateremka nayo pole pole mpaka 2008 umeme wa Bara ulipokatika Unguja nzima ikakaa gizani karibu mwezi, akaendelea na ile ya Disemba 2009 iliyotufikisha mpaka Machi 2010, watu tunachota maji visimani na karabai zimepanda bei, na alipokuwa anakaribia kufika kwenye tyubu zangu adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Maalim mmoja anayesoma magazeti, tukiwa tunavaa viatu, akanipa pole kwa upole tu, akasema hata usipobadilisha wewe zitabadilishwa, maana 2023 mataifa yalikaa Geneva kwenye ule mkataba wa zebaki wakakubaliana tyubu hizi za zamani mwisho 2027, hazitengenezwi wala hazisafirishwi nchi kwa nchi, kwa sababu kila moja ina zebaki ndani, na zebaki ni sumu. Miaka yote hii nalala chini ya zebaki na hakuna aliyeniambia!

Nikamwita fundi. Fundi kasema "nipo njiani nakuja", na fundi wa umeme akikwambia yupo njiani ujue ndo kwanza anatafuta shati. Alipokuja kaja na tesita moja, bisbisi moja, na mtoto wa kumshikia ngazi ambaye hakushika ngazi, alishika simu.

Kafungua ile ya ukumbini mwanzo. Nikwambieni kilichokuwa mle. Kifuniko kimeteremka na vumbi la miaka, mbawa za kumbikumbi zimejaa, ganda ganda za karatasi ya stata iliyoungua, na pembeni ya choki vijiyai viwili vyeupe vya mjusi kafiri vimeganda kwenye bati, mama mtu mwenyewe kajilaza juu ya choki anaota joto, anatutazama. Hakukimbia hata. Choki zinapata moto ukiweka mkono, na yeye nyumba yake ndo ile, wati 9 zile tulizozihesabu kwenye daftari zilikuwa zinamlelea watoto. Mama mkwe akasema muuwe, fundi akasema mie nimeitwa taa, mjusi bei yake mbali.

Halafu akagusisha tesita kwenye waya, swichi imezimwa, tesita ikawaka. Akashuka ngazi kimya kimya akenda kuzima meni swichi, akarudi, akauliza lile suali ambalo hakuna fundi duniani aliyemaliza kazi bila ya kuliuliza: "Nani kakufungieni hizi?"

Sasa aliyezifunga ni shemegi yangu, na shemegi kakaa palepale kwenye mkeka anakula boflo na chai.

"Kwani zina nini?" shemegi kauliza. Fundi akasema huyu bwana swichi kaiweka kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, badala ya laivu, waya unaouleta, ukizima taa inazimika lakini umeme bado upo juu unakusubiri, mtu akipanda kubadilisha tyubu anarudi chini amelala. Shemegi akasema zamani ndo ilivyokuwa. Fundi akasema hata zamani watu walikuwa wanakufa. Mama mkwe anamtazama fundi, maana shemegi ni mwanawe, mke wangu ananitazama mie, na mie natazama mjusi, maana ndo peke yake asiyekuwa mkwe wangu.

Lakini huyu kijana kazi anaijua, lazima niseme. Kazipanga zile tyubu nne mezani akanieleza vizuri, mwanzo kuelewa nimeelewa siku hiyo. Zile mbili zilizokuja na kikopo umeme wake unaingia ncha moja tu, laivu pini hii, nyutro pini ya pili yake, ncha ya upande wa pili inashikilia taa isianguke na kuunganisha basi. Kile kikopo si stata, ndani yake mna fyuzi tu, kinaziba pale pa stata ili umeme upate njia ya kuzunguka, ndo maana kijana wa dukani alisema stata unaitoa halafu unaitia, alikuwa anasema kweli masikini ila kwa kipande. Na zile mbili nyengine laivu inaingia ncha hii, nyutro ncha ile. Ukifunga ya huku kwa nyaya za kule ama haiwaki ama fyuzi inakwenda. Na kwa nje hutofautishi! Inabidi usome ubavuni kwenye maandishi ya kijivu yaliyoandikwa na mtu asiyetaka yasomwe.

Nikamuuliza choki. Akasema ukitaka kurahisisha, zile za kikopo iache, itawaka, ila itakuwa inakula kidogo na siku ikiungua taa nayo inazimika, na haina kazi tena, kazi yake ilikuwa kuirushia tyubu umeme mkubwa ipate kuwaka na kisha kuuzuia usizidi, LED ina mambo yake ndani. Aliposema "inakula kidogo" binti kashafungua daftari. Choki zikatoka zote nne.

Kila taa kaifungia nyaya zake, kaziba na tepu, kaniambia chukua marka uandike kwenye bati LED TU, kwa sababu siku moja mtu atakuja na tyubu ya zamani aipachike hapa, umeme mzima upite kwenye kiuzi cha ncha moja, pa! Nikaandika kwa herufi kubwa. Mama watoto akaniuliza sebuleni kwangu unaandika ukutani? Nikamwambia juu ya bati, si ukutani. Akasema wageni watasoma. Ndo nnachotaka wasome, maana wao si ndo walioanza.

Ile habari ya swichi fundi kasema hiyo kazi nyengine, bei nyengine. Mie nkasema iache. Usiku mama mkwe kaamka kunywa maji, taa ya ukumbini imezimwa, na tyubu inang'aa. Haiwaki, inang'aa tu, weupe hafifu, ukiitazama sana huioni ukigeuka unaiona. Alipiga ukelele watoto wote wakatoka, Ayatul Kursiyyu ikasomwa, shemegi kaletwa kutoka nyumba ya pili kavaa kikoi ndani nje. Asubuhi fundi kapigiwa simu kacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Ni swichi ileile, laivu ipo juu saa zote, inapenya vitone na LED vitone vinamtosha, tyubu za zamani zilikuwa hazijali. Kaja kahamisha nyaya, shetani kaondoka, nimelipa. Shemegi mpaka leo hasemi nami vizuri, na sijui kwa nini ninuniwe mie, mie nilikuwa na marka tu.

Mwanga wenyewe sasa. Kwenye boksi imeandikwa 6500, mie nilidhani bei kumbe rangi ya mwanga, mweupe ule wa kibuluu, usiku tumekaa sebuleni kama tunaosubiri kuitwa majina na daktari. Mama watoto kasimama katikati ya chumba kazunguka pole pole, "we bwana, huu ukuta ulikuwa krimu?" Pazia limeonekana, kochi limeonekana, lile doa la mchuzi wa Ramadhani ya mwaka juzi ambalo kila mtu alilikanusha limeonekana. Rangi ndoo mbili, hiyo ni ya sebule tu. Nikamwambia binti fungua daftari lako ulitie na hilo, akasema baba hiyo si fizikia.

Mkusanya vyuma chakavu kapita, choki tatu kazichukua kwa sababu ya waya wa ndani, ya nne mama mkwe kaificha, anagandamizia mlango wa banda la kuku. Tyubu za zamani hazitaki mtu. Jaani siwezi kuzitupa, maalim keshanambia zikivunjika ndani nifungue madirisha nitoe watu kwanza, nisipige ufagio vumbi likaruka, sasa unafikiri hilo ni jambo la kumwambia mtu mwenye nyumba yenye mpira? Basi zimesimama nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, nimezivisha khanga mbovu, zote nne, na Iddi hii shangazi yao anatoka Wete na watoto saba, wa kiume.