Mniache na Wazee Wangu wa Soho

Jamani hivi kosa langu ni nini hasa? Mtu nimetoka shifti ya usiku, mgongo unauma, nje Manchester inanyesha kama kawaida yake, nimekaa zangu kwenye kochi na chai ya rangi, nimeweka Georgie Fame, mwimbaji na mpiga kinanda wa Kiingereza wa miaka ya sitini, kwa sauti ya kistaarabu kabisa, hata nyimbo ya pili haijafika, mama watoto anatokea jikoni na mwiko mkononi, "Baba Salma, hao wazee wako wanaokoroma utawazima saa ngapi?"

Wanaokoroma! Huyo unayesema anakoroma alikuwa na miaka ishirini tu wakati ule anakesha na watu pale Flamingo, klabu ya chini ya ardhi mtaa wa Wardour, Soho, London, watu wanaingia usiku wa manane wanatoka asubuhi kumeshakucha. Wanajeshi weusi wa Kimarekani, vijana wa Jamaika, Waingereza waliotoroka kwao kwa kupitia dirishani, wote wamebanana humo. Na kwenye tumba kulikuwa na Mghana, Speedy Acquaye, kwa hiyo Waafrika tulikuwepo toka mwanzo. Nikamwambia mama Salma, sikiliza hizo tumba, huyo ni ndugu yetu. Akasikiliza kidogo, akasema ndugu yetu naye mzime.

Na Georgie Fame mwenyewe sio mtu wa mbali, ni mtoto wa hapa hapa Leigh, karibu na Manchester, alifanya kazi kiwanda cha pamba. Jina lake ni Clive Powell, meneja ndio alimpa hilo lingine. Hapo namuelewa sana kwa sababu mimi siku ya kwanza kazini supavaiza alijaribu jina langu mara mbili, likamshinda, akasema "wewe utakuwa Sam", na mpaka leo mimi ni Sam, hata kwenye koti la kazi wameandika Sam. Tofauti ni kwamba Clive akiitwa Georgie alifika namba moja kwenye chati za Uingereza Januari 1965 akawashusha Beatles, Sam bado yuko ghala lile lile anapanga maboksi ya sabuni.

Aliyeniambukiza huu ugonjwa ni mzee mmoja Mwingereza tuliyekuwa naye hiyo hiyo shifti, alikuwa na kaseti kwenye gari na hadithi zisizoisha, alistaafu akaniachia kaseti. Wenzangu waliachiwa saa na makoti.

Sasa nyumba yenyewe ninayosikilizia. Ukuta wa chumbani umeota ukungu mweusi, maji yanashuka kwenye kioo, nimemwandikia mwenye nyumba toka mwezi wa kumi, jibu lake ni moja tu, "fungua dirisha". Nifungue dirisha Januari, Manchester, na gesi bei hiyo! Basi kila nikiangalia lile dari nawakumbuka kina Alexis Korner na Cyril Davies, Waingereza waliokuwa wanapiga blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, walipofungua klabu yao Ealing, magharibi mwa London, Machi 1962, baada ya watu wa Soho kuwakatalia magitaa ya umeme. Klabu yenyewe ilikuwa stoo ya chini ya ardhi karibu na stesheni, pumzi za watu zinapanda juu zinageuka maji, yanadondoka kwenye maspika na waya, ikabidi wafunge turubai juu ya steji wasije wakapigwa shoti. Na humo humo ndimo Charlie Watts alikuwa anapiga drams, na kina Mick Jagger na Brian Jones, wote hao waliokuja kuwa bendi ya Rolling Stones, wanasubiri zamu yao kama watu wa foleni ya kinyozi. Mimi nina maji yale yale, sijatoa hata staa mmoja.

Cyril Davies ndio mtu wangu. Huyu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari! Mchana anapiga nyundo kwenye mlango uliobonyea, usiku anashika hamonika analia nayo mpaka unahisi kuna mtu amefiwa. Na alikuwa mbishi. Korner alipoanza kuleta masaksafoni kwenye bendi, Cyril akasema hapana, blues ni ya Chicago, sitaki matarumbeta yenu, akajitoa akaunda bendi yake. Namheshimu sana mtu wa namna hiyo, mimi nikipinga kitu hapa nyumbani naambiwa nina njaa. Januari 1964 akafa, miaka 31 tu, hajaona hata robo ya hela walizokuja kupata wale waliokuwa wanamsikiliza.

Na bendi yake ikachukuliwa na Long John Baldry, jitu la mita mbili lenye sauti nzito. Huyu mwezi ule ule alikuwa stesheni ya Twickenham anatoka kwenye shoo ya Eel Pie Island, kisiwa kidogo cha mto Thames, akasikia kijana kwenye benchi anapuliza hamonika, akamwambia njoo kwenye bendi yangu. Kijana ni Rod Stewart, yule mwimbaji aliyekuja kuvuma dunia nzima. Mimi stesheni za nchi hii nimekaa miaka mingapi, treni imechelewa, treni imefutwa, nimepiga miluzi yote ninayoijua, aliyenifuata ni mkaguzi wa tiketi.

Halafu kuna mambo aliyopata Muddy Waters, Mmarekani mweusi, mkubwa wa blues ya Chicago, ambayo mkisikia mtanielewa kwa nini sipendi kwenda shughuli. Alikuja Uingereza 1958 na gitaa lake la umeme, wapenzi wa blues wa hapa wakashtuka, wao walitegemea mzee wa shamba na gitaa la mbao, wakasema anapiga kelele. Sawa, akarudi 1963 na gitaa la mbao, mtu mwenye adabu zake, kumbe vijana wameshabadilika, sasa wanataka umeme! Ndio yaliyonikuta kwa wakwe zangu. Idi ya kwanza nilienda na kanzu, nakuta mashemeji wote wamepiga suti, wananiangalia kama nimekuja kusoma hitima. Idi ya pili nikakopa suti. Nadhani mnajua walikuwa wamevaa nini.

Ila nikitaka kucheka peke yangu nachukua baiskeli naenda ile njia ya Fallowfield, zamani ilikuwa reli, mpaka pale ilipokuwa stesheni ya Wilbraham Road. Stesheni ilikuwa imeshafungwa, Mei 1964 watu wa televisheni ya Granada wakaipamba ifanane na kusini mwa Marekani. Unajua Mwingereza akitaka kuonyesha Marekani ya watu weusi anaweka nini? Mbuzi na kuku. Nakwambia kweli, waliweka mbuzi na kuku kwenye stesheni ya Manchester, na magunia, watazamaji wakakaa jukwaa la upande huu, wanamuziki upande ule, reli katikati. Sista Rosetta Tharpe, mwimbaji wa gospel Mmarekani mweusi, akaletwa kwa gari la farasi, mvua ikiwa imeshanyesha, amevaa koti lake zuri, akachukua gitaa jeupe la umeme akawaimbia wimbo wa mvua wenyewe, Didn't It Rain. Mimi hapa mtaani nilifuga kuku watatu tu nyuma ya nyumba, jirani akaniandikia barua.

Lakini anayeniuma moyo ni Stu. Ian Stewart, Mskoti, piano. Brian Jones alipotangaza anatafuta wanamuziki 1962, Stu alikuwa wa mwanzo kwenda, ndio bendi ikawa Rolling Stones. 1963 anakuja meneja, Andrew Oldham, anawaangalia, anasema mko sita mmezidi, na huyu mwenye taya kubwa sura yake haiendani, atoke kwenye picha. Na Stu hakununa! Akawa dereva. Akaendesha vani, akabeba madramu, akafunga waya, na ikifika kurekodi anakaa kwenye piano anapiga, picha ya kava hayumo. Zile chord za minor, zenye mlio wa huzuni, hazitaki, zikifika ananyanyua mikono tu anasubiri zipite. Na alikuwa anapenda gofu, Keith Richards, mpiga gitaa wa Stones, amesimulia kwamba Stu alikuwa anawapangia hoteli karibu na viwanja vya gofu, wao wanataka mji na warembo, wanaamka wanaona majani. Safi kabisa, dereva naye ana haki zake.

Mimi kwenye albamu ya harusi ya shemeji sipo hata picha moja. Nimebeba bibi harusi, nimebeba keki, nimebeba wapambe sita na jenereta ya ukumbi, ukiangalia vizuri kuna picha moja inaonekana sait mira.

Na ya michango je? Bendi ya Animals wa Newcastle walirekodi House of the Rising Sun 1964, watu watano, ikawa namba moja huku na Marekani, ukigeuza lebo ya sahani jina la mpangaji muziki ni Alan Price, mpiga kinanda wao, peke yake. Eti inasemekana nafasi ya majina yote haikutosha! Sasa kwenye kikao cha familia sisi tumechanga watu tisa, mimi nimetoa hela ya tairi, MC anasimama na maiki, "mchango huu umeletwa na shemeji Bakari na wenzake". Na wenzake. Nilimfuata MC, akaniambia karatasi ilikuwa ndogo.

Jumamosi hii kuna shughuli nyingine Bolton. Nimeshaambiwa nitabeba masufuria mawili ya pilau, viti vya kukodi, mama mkwe na mashosti zake watatu, na wameshaniuliza kama gari lina taarab. Gari lina kaseti moja tu, na kitufe cha kuitoa kilivunjika toka ijumaa, sijui nani alikivunja. Kwa hiyo kutoka hapa mpaka Bolton ni Cyril Davies upande A, na kama kuna foleni pale njiani, upande B.